Kompyuta ya Kijana

"Hii haifai," Mzee Leonardi alisema, akairudisha kadi ya picha juu ya kaunta. "Magari yatakuwa yanakwama."

Shomari, fundi mwenye duka dogo la kompyuta pale Kinondoni, alimtazama vizuri. Ilikuwa mwaka 1998, na wateja wake wengi walikuwa watu wa ofisi waliotaka mashine za kuchapia barua. Hakuwahi kumwona mzee wa makamo yale, shati limefuliwa mpaka kola imelegea, anayejua kuwa gemu ya mbio za magari inataka kadi yenye memori yake yenyewe. Akamwuliza amejulia wapi. Leonardi akasema mwanawe Fredrick alikuwa akimweleza mambo hayo kila siku mezani, mpaka mama yake anamwambia ale kwanza.

Wakaanza kuchagua. Leonardi alikuwa amepunguzwa kazi baada ya kiwanda chao kuuzwa, na kilichobaki cha mafao yake hakikutosha kununua mashine iliyokwisha kamilika. Ndiyo maana alitaka ya kuunganishwa kipande kwa kipande. Shomari akamshauri kama alivyowashauri wote: achukue kadi ya bei nafuu kwanza, mwakani ataongeza. Leonardi akakataa. Mwakani ni mbali, alisema. Kijana anataka mashine ya kuchezea, na anaitaka sasa.

Basi wakabana pale pasipoonekana. Diski ikawa ndogo, tena iliyotumika. Spika zikawa zile zinazoongea puani. Prosesa ikashuka daraja moja ili kadi ya picha ipande. Lakini Shomari alipotoa kibodi nzima kabisa, iliyopauka kidogo tu, mzee akaigeuzageuza, akapapasa vitufe vyake, akamrudishia.

"Ataikataa," alisema.

Monita nayo akaitaka mpya, tena ile kubwa, japo ndogo ingewaachia nafasi ya kupumua.

Shomari alikuwa na watoto wawili, na wangemletea masharti ya namna hiyo wangemjua. Akamwambia mzee amlete kijana mwenyewe aje achague, auone na mfuko wa baba yake ulivyo. Leonardi akasema haiwezekani. Shomari akamwuliza chumba cha kijana kina soketi ngapi, maana mashine ile ingehitaji zaidi ya moja. Leonardi akafikiri kidogo, akasema hajui.

Moyoni fundi alikwisha kumhukumu: baba anamwogopa mwanawe, na hata chumba chake hakijui.

Jumamosi Leonardi alirudi, safari hii na mkewe, Kokuberwa, wametoka Temeke asubuhi kuja kumalizia malipo. Cherehani ya mama, aliyokuwa akishonea sare za shule, ilikuwa imeuzwa wiki ileile. Leonardi alimweleza Shomari jambo hilo kama mtu anayetoa taarifa tu, wala hakutafuta kuhurumiwa.

Shomari akaiwasha mashine ili wajionee. Gari jekundu likakata kona za milima yenye theluji, laini, bila kukwama hata mara moja. Ilikuwa kazi nzuri na mwenyewe alijua. Akategemea mama atatabasamu.

Kokuberwa alilitazama lile gari, akafuta macho kwa pembe ya khanga.

"Ataikubali, Baba Fredi?"

"Ataikubali."

"Na akisema bado?"

Shomari akashindwa kujizuia. Akamwambia mama, kwa heshima, kwamba mtoto akishazoeshwa hivyo kumrudisha ni kazi. Angekuwa wake yeye, angemwambia baba hana, basi. Kokuberwa akamtazama kama aliyesemeshwa kwa lugha ngeni, kisha akainama kufunga kamba za maboksi.

Walikodi pikapu, na Shomari akaenda nao ili akaiunganishe. Alijua wanaelekea Temeke, lakini dereva akaambiwa Kawe. Njiani Kokuberwa akaomba ateremshwe. Alisema hana nguvu ya kufika. Mumewe hakumbembeleza. Shomari akawaza kwamba labda kijana anakaa kwa mjomba wake, mwenye nacho, na huko ndiko alikojifunzia makuu.

Nyumba ilikuwa na geti jeusi na ukuta uliopandwa vipande vya chupa juu. Aliyewafungulia alikuwa kijana mrefu, wa miaka kama kumi na sita, kandambili miguuni, mswaki mdomoni. Hakuamkia. Alilizunguka boksi la monita, akauliza kadi ya picha ina memori kiasi gani. Shomari akamjibu. Kijana akaguna.

Leonardi alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili.

Shomari akataka kumkanya kijana, kwamba hata kama mashine haikumpendeza, baba ni wa kuamkiwa. Leonardi akamtangulia.

"Mwambie mheshimiwa hakimu nimeileta," alisema. "Mimi ni baba yake Fredrick, yule aliyeko mahabusu Segerea."

Kijana akautoa mswaki mdomoni, akaelekeza nao mlango wa stoo.

"Kaiwekeni kule, na zile za wazazi wengine."