Kabla Hujafunga Busta

Mwanakombo alimwita fundi augawe waya wa kebo kwa vyumba vitatu, ili mama mkwe wake apate televisheni yake, aache kumuuliza yeye na watoto wake maswali katikati ya tamthilia. Picha zikaja na chenga.

"Mkwe wangu, njoo utikise waya!" bibi aliita mchana kutwa. Mwanakombo alinuna, lakini alikwenda.

"Funga busta iongeze nguvu, mama," alisema binti yake, Sikudhani. "Bibi atuache tupumue."

Busta ikafungwa, picha zikang'aa, bibi akanyamaza.

Kesho yake adhuhuri, Mwanakombo alishtuka kugundua kwamba hajaitwa tangu asubuhi. Chumbani kwa bibi televisheni ilisikika ikicheka. Akaogopa kufungua mlango, akaichomoa busta.

"Mama, chenga!" watoto wakapiga kelele chumbani kwao.

Yeye akasimama na plagi mkononi, ameukodolea macho mlango wa bibi, akisubiri kuitwa.