Mabuti ya Mlangoni

Domitila alikuta buti la kulia la marehemu mumewe limetafunwa hadi kisigino. Tangu amzike, aliyaacha mabuti yale mlangoni ili mpita njia adhani ndani yumo mwanamume. Sasa moja lilikuwa mdomoni mwa mtoto wa mbwa, mkia unatikisika kwa furaha.

"Shemeji, mtupe huyo," alisema Gaudensi, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyemleta mbwa mwenyewe. "Hana adabu."

"Hana shibe. Meno yanamuota, anakua, nami namlisha mara moja kwa siku kama mbwa mzima. Angekuwa mwanao ungemtupa?"

Hakumpiga. Alimnyang'anya buti bila kelele, akalirudisha mlangoni, akamwekea ugali uliochanganywa na dagaa, kisha mfupa mbichi wa goti la ng'ombe. Kila mbwa alipolirudia buti, alimwambia, "Acha!" akamrudisha kwenye mfupa. Hivyo hivyo kutwa nzima, mpaka mgongo ukamuuma.

Gaudensi akacheka. "Utachoka wewe kabla yake."

"Tutaona."

Jioni mtu aligonga geti la mabati. Mbwa aliuacha mfupa, akayaruka mabuti bila kuyagusa, akasimama kizingitini na kubweka kwa sauti nzito iliyomshtua hata yeye mwenyewe.

"Mama, mfunge mbwa wako!" mgeni alipiga kelele, akirudi nyuma.

 Domitila aliinama, akayaokota mabuti yote mawili, akayaingiza ndani, chini ya kitanda, upande aliokuwa akilala mumewe.