Uzi wa Fundi Nasra

Tangu augue kiharusi, Mzee Shaweji aliuficha mkono wake wa kushoto mfukoni. Gari lake kuukuu lilikuwa linavuta kushoto, naye aliamini kosa ni la mkono. Wanawe wakijua, watamnyang'anya funguo.

Huko gereji, fundi Nasra aliuvuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akachuchumaa kuuangalia. Uligusa ukingo mmoja tu wa tairi la mbele.

"Tairi limekaa upande, baba. Hata mimi nilipolijaribu gari, lilinivuta."

"Kushoto?"

"Kushoto hukohuko. Tukipiga alaimenti, yaani kulisawazisha tairi, gari litanyooka. Hebu nishikie uzi, nilegeze nati."

Mzee alishusha pumzi ndefu, akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akaushika uzi. Uzi ulitetemeka kidogo, kisha ukatulia, umenyooka.