Kengele ya Bi Zuwena

Mkaguzi Mwinjuma alivua viatu mlangoni mwa kituo cha kulelea watoto, maana watoto kumi na wawili walikuwa wamelala mikekani. Ndoo za mchanga wa kuzimia moto aliziona, na mlango wa nyuma ulifunguka vizuri. Kwenye fomu ilibaki kengele tu.

"Hatuna, mwanangu," alinong'ona Bi Zuwena, mlezi wao.

"Basi leseni siwezi kuipiga muhuri, mama. Moto ukizuka utawaamshaje?"

"Siwaamshi."

Akaanza kuimba kwa sauti ya chini mno, wimbo uleule aliowalazia. Watoto wakainuka mmoja mmoja, macho wameyafumba. Wa kwanza akashika ncha ya khanga ya Bi Zuwena, wengine wakashikana mapindo ya nguo, wakapita mlangoni kama uzi kwenye tundu la sindano. Mwinjuma akawafuata, jicho kwenye saa. Hata dakika haikutimia.

Uani akawahesabu. Kumi na mmoja. Akarudia, wakawa walewale kumi na mmoja, na wimbo bado unaendelea.

Alipotaka kukimbilia ndani, shati lake likavutwa kwa nyuma, taratibu. Mtoto wa kumi na mbili alikuwa ameshika pindo lake, kafumba macho, anangoja kuongozwa.