Shungi Jeupe

Ruzuna alikuwa amekwisha koroga piko, rangi nyeusi ya nywele, kibakulini, alifunike shungi jeupe la nywele lililoota juu ya paji la uso la mwanawe. Asubuhi ile Sikudhani alikuwa anaanza shule, na mama mtu hakutaka achekwe.

"Mama, kwa nini hizi ni nyeupe?"

Kwa miaka mingi Ruzuna alijilaumu kimoyomoyo, akidhani ni ule udongo aliokuwa akiutafuna wakati wa mimba. Daktari ndiye aliyemtoa wasiwasi. Sasa akamweleza mtoto kama alivyoelezwa.

"Mwili wako ulipokuwa unaumbwa tumboni mwangu, ulikuwa ukinakili maagizo yake tena na tena. Mahali pamoja herufi moja ikabadilika, ndiyo maana rangi haikufika hapo. Hakuna aliyekosea, mwanangu. Wala si ugonjwa."

Sikudhani akalipapasa shungi lake.

"Na mimi nikizaa, mtoto wangu atakuwa nalo?"

"Huenda."

"Atafanana na mimi!" Mtoto akacheka, kisha akamtazama mama yake. "Na yeye utampaka piko?"

Ruzuna akakisogeza kibakuli kando, akachukua kitana na mafuta, akazichana nywele zile taratibu mpaka zikang'aa, akambusu palepale penye weupe.

Nje, binti wa jirani aliyekuja kumpitia alisimama akikodoa macho. Polepole akanyoosha mkono.

Sikudhani akainamisha kichwa, aguswe.