Figo Zangu Zilipokwenda Likizo

Figo zangu zilipochoka zilipewa likizo, kama figo zote siku hizi, na kazi yao ikahamia kwa mke wangu, Zuwena. Mkanda mmoja kiunoni kwangu, mwingine kwake, basi: mimi nikinywa, yeye ndiye anayekwenda msalani. Msicheke, ndiyo sheria ya wanandoa. Taa huwaka kwenye mkanda wa anayechuja kwa niaba ya wawili.

Juzi nilipita kwa jirani nikala ng'onda, samaki mkavu yule wa chumvi inayochoma ulimi. Nikasukutua, nikatafuna karafuu, nikarudi nyumbani naimba.

"Baba Shomari, ng'onda alikuwa mtamu?"

"Nani kakwambia?"

"Miguu yangu." Akaipandisha kwenye kigoda, imevimba kama mihogo iliyolowekwa. "Wewe unakula, mimi navimba. Ndoa gani hii?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. "Basi zako nazo zipumzike, Mama Shomari. Sasa zamu yangu."

Nikaminya kitufe cha kuziamsha figo zangu. Zikiamka, mtu husikia joto mgongoni. Tukasubiri mpaka chai ikapoa.

"Umelisikia hilo joto?" akauliza.

Nikamwambia nimelisikia. Kwenye mkanda wake, taa ilikuwa bado inawaka.