Hodi ya Tatu

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe kumi na nne, wakubwa wa soko walipomwamuru Kitwana peke yake ahamishe magunia yote ya chumvi kabla mgeni wao hajafika. Mgeni mwenyewe hakutokea. Kilichoumia ni mgongo wa Kitwana. Zahanati ikamwambia arudi mwezi ujao.

Mwezi ujao! Leo akakomea mlango, akalala juu ya meza, akafunga miguu yake kwenye boriti kwa kanga ya marehemu mkewe, akajisukuma nje ya meza. Akaning'inia kichwa chini. Alishasikia kwa watu kwamba mgongo hunyooka hivyo, na kweli ulinyooka. Ila kujiinua afungue fundo hakuweza. Damu ikamjaa kichwani, sauti ikamkauka.

"Hodi!" Alikuwa jirani yake, Bi Siwema. "Nimekuletea uji, mgane usiye na shukrani."

Kitwana akafungua mdomo. Ikatoka pumzi tu.

"Hodi tena! Umeninunia? Mdomo unaowatukana wakubwa kutwa nzima leo umelala?"

Akajitikisa. Boriti ikalia kidogo, kama panya.

"Haya, hii ya tatu, na ya nne haipigwi kwenye nyumba ya mtu. Hodi! Kitwana, upo?"